Jina la Mlima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jedidah alimlisha babu yake uji. Alimwegemeza kwa mito miwili, akamfunga kitambaa shingoni, kisha akamlisha kijiko kimoja kimoja huku akimfuta kidevu. Kazi hiyo hakuambiwa na mtu. Aliichukua mwenyewe tangu siku babu alipoanguka mlangoni kwa kiharusi, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito. Babu Zephaniah Maghanga, aliyekuwa msemaji hodari katika mtaa mzima wa Kaloleni mjini Voi, sasa hakuweza kutamka neno likaeleweka. Alibakiwa na macho, na Jedidah alijifunza kuyasoma.

Mwaka huo wa 1998 macho ya babu yalikuwa yakiuliza jambo moja tu: "Majina yangu yako wapi?"

Majina hayo yalikuwa na historia yake. Zamani, wakati wa vita vikuu vya kwanza, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kasighau kwa nguvu kutoka mlimani kwao, ikawapeleka mbali upande wa Malindi. Wengi walikufa huko kwa homa kabla wenzao hawajaruhusiwa kurudi. Babu alizaliwa hukohuko uhamishoni. Dada yake mkubwa, Mghoi, alifia huko akiwa na miaka minne, na babu hakuwahi kumwona. Alipokuwa mtu mzima alinunua baiskeli, akazunguka vijiji vyote vya Kasighau akiwauliza wazee: nani alifia kule, aliitwa nani, mtoto wa nani? Alipata majina mia mbili na kumi na manne.

"Makaburi yao hatuyajui," alikuwa akimwambia Jedidah. "Basi hata karatasi wasiwe nayo? Siku moja nitakaa kitini, nisomewe majina yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Nikishayasikia, nitapumzika."

Miaka yake ya mwisho ya kazi, babu alikuwa karani wa mradi mmoja wa maji mjini Voi. Kila jioni, kazi ya ofisi ikiisha, aliketi kwenye kompyuta akaandika majina yake polepole kwa vidole viwili. Kazi za kompyuta zote za ofisi zilihifadhiwa mahali pamoja, ndani ya sanduku la chuma lililoitwa seva. Seva hiyo iliunganishwa na kompyuta kwa waya mweusi. Mhandisi alipoleta seva hiyo aliuliza ipewe jina gani, maana kila seva lazima iwe na jina lake. Babu hakusita. Aliipa jina la mlima wa kwao: Kasighau.

Halafu mambo yakaharibika. Mradi ulifungwa. Mvua za El Nino zikanyesha, paa likavuja usiku na mchana, na madaftari yote ya babu yakageuka uji ndani ya sanduku la bati. Wazee aliowahoji nao walikuwa wamefariki mmoja baada ya mwingine. Majina mia mbili na kumi na manne yakabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya seva ile.

Kwa bahati, vifaa vya mradi vilipouzwa, seva hiyo ilinunuliwa na Bwana Mansur, jirani yao. Bwana Mansur alikuwa na duka la kupiga chapa karibu na soko. Wazee wake walitoka Lamu, naye hakujua kuongea bila kutania. Alikuwa na kompyuta tatu, akitaka kuziunganisha. Alimshika babu mkono uliokufa ganzi, akamwambia, "Mzee wangu, sanduku hili likishakubali kuongea nasi, kitu cha kwanza kutoka ndani ni majina yako. Mimi shughuli zangu zitangoja."

Babu alilia kwa jicho moja. Jicho la pili halikuweza.

Siku ya Jumatatu, Jedidah alipotoka shule alipitia dukani. Seva ilikuwa juu ya meza. Njiani ilikuwa imegongwa nyuma, na mahali pa kuchomeka skrini palikuwa pamevunjika, kwa hivyo haikuwezekana kutazama ndani yake moja kwa moja. Ilibidi kuizungumzisha kwa waya kutoka kompyuta nyingine, na kwa waya haikufunguka mpaka uiite kwa jina lake.

"Usiwe na wasiwasi," Bwana Mansur alisema, akiinua daftari la kijani. "Babu yako alituachia maelezo yote hapa, hatua kwa hatua. Na huu mwandiko ni wa nani? Wako? Mashallah! Mimi nimepiga chapa miaka ishirini na sijaandika hivi. Ukikua nitakupa duka."

Jedidah alicheka kwa aibu, kilemba hicho cha sifa kikamkaa vizuri kichwani.

Bwana Mansur alisoma daftari, akaandika jina la seva kwa herufi kubwa: KASIGAU. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna seva yenye jina hilo.

Jedidah alilitazama jina lile kwenye skrini.

Aliikumbuka siku aliyoandika ukurasa ule. Ilikuwa mwezi wa pili, kabla babu hajaanguka. Karatasi ya babu ya maelezo ilikuwa imeloa mvua na wino umeanza kusambaa, kwa hivyo babu alimpa daftari jipya akamwambia, "Nakili kama ilivyo, mjukuu wangu. Usiongeze, usipunguze."

Lakini wiki hiyohiyo Jedidah alikuwa ameaibika darasani. Katika insha yake aliandika "ghari la mjomba" badala ya "gari la mjomba." Ni kosa la Wataita wengi kama yeye, kwa sababu lugha yao ya Kidawida ina gh tele, na mtu akizoea hupachika gh hata pasipotakiwa. Mwalimu alilizungushia neno hilo wino mwekundu, akalisoma kwa sauti. Darasa zima la saba likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Mulei, aliyeketi nyuma yake, hakumwita Jedidah tena. Alimwita Ghari.

Basi alipofika kwenye neno Kasighau katika karatasi ya babu, kalamu yake ilisimama. Aliiona gh ile, akasikia kicheko cha darasa. Alijua kwamba ndivyo babu anavyoandika. Hata hivyo aliandika KASIGAU, kama lilivyoandikwa kwenye ramani ya shule. Karatasi ya babu aliitia jikoni, ikawashia moto wa chai.

Sasa alisimama dukani akitazama skrini. Maneno yalimfika mdomoni: "Mjomba, jina limekosewa." Lakini Bwana Mansur alikuwa bado ameshika daftari, na bado alikuwa akitikisa kichwa kwa kuusifu mwandiko. Jedidah akafyata ulimi.

"Jina ni sahihi, maana limeandikwa wazi hapa," Bwana Mansur alisema. "Basi ugonjwa uko kwenye waya."

Siku hiyo alikagua waya wote, hatua kwa hatua, akiufinya kwa vidole. Akabadilisha vile vizibo vidogo vya chuma vinavyowekwa kwenye ncha zake mbili. Akazima, akawasha, akaita tena. Hakuna. Nyuma ya seva taa ndogo ya kijani ilimetameta bila kuchoka, kuonyesha kwamba iko hai na inasikiliza. Ilikuwa ikingoja jina lake tu.

Jumanne Bwana Mansur alifungua kompyuta, akatoa kile kibamba cha ndani kinachopokea waya, wenyewe wanakiita kadi. Akaamua kwamba kadi ndiyo iliyoharibika. Alifunga duka, akapanda gari la Mombasa kutafuta nyingine. Jedidah alimwona akipita na mkoba. Alijua mtu huyu anakwenda mbali kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Alitaka kumkimbilia, lakini alibaki palepale. "Labda kweli ni kadi," alijidanganya. "Labda nikisema nitaonekana mjinga bure."

Nyumbani hali ya babu ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Jumatano asubuhi alikunywa vijiko vitatu tu vya uji, akafunga mdomo. Mama yake Jedidah, Teresia, aliupapasa mguu wa mzee, akaukuta wa baridi, akautoa mkono haraka. Baba yake Jedidah alikuwa kazini Taveta, na mama alikuwa amekwisha kumpelekea habari kwamba aje.

Jumatano jioni, jua lingali juu, Bwana Mansur alipiga hodi. Kadi mpya alikuwa ameiweka tangu mchana, na seva bado ilikataa. Uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Mama Jedidah, nisamehe kuja na shida mahali penye mgonjwa," alisema. "Ninataka nimuulize mzee neno moja tu." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mzee Zephaniah, ile seva. Nimeiita kwa jina ulilotuachia, Kasigau. Ndilo?"

Babu akafumbua macho. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Mdomo wake ukajikunja, mishipa ya shingo ikamsimama, na kutoka kooni ikatoka sauti nzito ya kukwaruza:

"Gh... gh... gh..."

"Anapaliwa!" Teresia alisema kwa hofu. Alimwinua mzee upesi, akampiga mgongoni, akamtilia maji mdomoni. Maji yakamwagika kifuani. Babu alisukuma kikombe kwa mkono wake mzima, akajaribu tena.

"Gh... gh..."

"Tulia, baba, tulia. Kohozi hilo litatoka."

Jedidah alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Yeye peke yake alijua kwamba babu hakupaliwa. Babu alikuwa akiitamka ile herufi. Alikuwa akimrudishia herufi aliyomwibia. Na babu naye aliacha kuhangaika, akamgeuzia mjukuu wake yale macho, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeomba.

Aibu ilimshika Jedidah mwili mzima. Angesema pale pale mambo yangeisha. Lakini mama alikuwa akilia, Bwana Mansur alikuwa akiomba radhi, jirani mmoja aliingia na maziwa, na kila mtu alikuwa mtu mzima isipokuwa yeye. Aliweka ndoo chini, akatoka nje, akaenda kulia nyuma ya choo.

Alhamisi alikwenda shule lakini hakusikia somo lolote. Wakati wa hesabu mwalimu aliandika kwenye ubao, naye kila alipotazama aliona neno lilelile. Kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, aliacha hata kalamu yake juu ya dawati. Alikimbia mpaka sokoni bila kupumzika.

Bwana Mansur alikuwa ameketi mbele ya seva, mikono mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Jina limekosewa," Jedidah alisema. "Si Kasigau. Babu aliandika Kasighau. Ina gh. Niliiondoa mimi. Niliona haya, kwa sababu wananicheka shuleni." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilijua tangu Jumatatu, mjomba."

Bwana Mansur alijipiga paji la uso. "Ya Rabi! Mzee alikuwa akiniambia. Ghaini! Mimi niliyechapwa chuo cha Kurani kwa ajili ya herufi hii, nimekaa mbele yake nisiitambue!"

Aligeukia kompyuta, akaandika herufi moja moja: KASIGHAU. Akabonyeza.

Safari hii skrini haikukataa. Iliomba neno la siri. Bwana Mansur alilisoma kwenye daftari, akaliandika, na orodha ya kazi za zamani ikashuka kwenye skrini: barua, ripoti za visima, mishahara. Chini kabisa palikuwa na kazi moja iliyoitwa WATU WETU. Bwana Mansur akaagiza ichapwe, na printa yake ya kelele ikaanza kukereza, karatasi ikatoka pole pole, jina chini ya jina. Jedidah aliisubiri akiwa amebana mikono kifuani. Furaha ilimjaa kiasi kwamba alisahau kuogopa.

"Kimbia," Bwana Mansur alisema akimkunjia kurasa zile. "Kamsomee. Mimi nafunga duka nakufuata."

Jedidah alikimbia. Kuanzia soko mpaka Kaloleni alikuwa akipanga jinsi atakavyoanza. Atamwekea babu mito, atamwomba msamaha kwanza, halafu atasoma taratibu, na akifika kwa Mghoi atanyamaza kidogo.

Alipokata kona ya nyumba yao aliona wanawake wamesimama uani, kanga mabegani. Mwanamume wa nyumba ya pili alikuwa akitoa viti nje. Hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti.

Mama yake alitokea mlangoni. "Jedidah," alisema. "Njoo, mama. Babu ametuacha. Ilikuwa saa nane, nilipokuwa nikimgeuza."

Saa nane. Yeye alikuwa darasani, akitazama ubao.

Jioni hiyo, wageni walipopungua, alimweleza mama yake yote. Alitarajia kupigwa, na kwa kweli alitamani apigwe. Teresia alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kurasa zile mapajani.

"Sitakwambia si kitu," mama alisema hatimaye, "kwa maana ni kitu. Alikuwa akingoja. Siku tatu nzima alikuwa akingoja, na mimi nikawa namnywesha maji." Kisha akamvuta mtoto, akamlaza kichwa begani, wakalia pamoja.

Jumamosi walimpeleka babu kwao. Baba alikuwa amefika. Barabara ya Kasighau ilikuwa mbovu kama kawaida yake, na lori lililobeba jeneza lilisimama mara mbili kupisha ndovu. Mlima ulionekana toka mbali ukiwa peke yake katikati ya tambarare. Jedidah aliutazama njia nzima. Kifuani, ndani ya sare yake ya shule, alikuwa na kurasa zile.

Kaburi lilikuwa tayari, na watu wengi wamekusanyika. Fundi Obadiah, mzee wa kijiji aliyetengeneza msalaba wa mbao, aliuegemeza kwenye udongo. Alikuwa ameuandika kwa rangi nyeusi, herufi nzuri zilizonyooka: ZEPHANIAH MAGANGA.

Jedidah alisoma, akasoma tena. Wazee walikuwa wamesimama kwa huzuni, mchungaji alikuwa amefungua kitabu. Hapakuwa mahali pa mtoto kusema. Alihisi ule ulimi mzito wa Jumatatu ukirudi mdomoni mwake. Mara hii alijikaza kisabuni, akapita katikati ya watu wazima mpaka kwa fundi.

"Shikamoo, babu. Samahani. Jina la babu yangu limekosewa."

Minong'ono ikapita. "Mtoto wa nani huyu?" mtu mmoja alisema.

Fundi Obadiah aliinama akautazama msalaba. "Maganga. Si ndiyo?"

"Ni Maghanga. Ina gh."

"Ah. Nimeandika hivyo kama wanavyoandika kwenye kitambulisho, binti. Tutarekebisha siku nyingine. Watu wanangoja."

"Tafadhali, babu, iwe sasa," Jedidah alisema bila kushusha macho. "Nikingoja siku nyingine itakuwa nimechelewa tena."

Mzee alimtazama. Kisha akamwita kijana mmoja alete kopo la rangi na brashi. Umati mzima ulingoja kimya huku fundi akiikwangua G kwa kisu na kubana herufi mbili mahali pa moja. Gh ile ilitoka imejibanza, si nzuri kama zile nyingine, lakini ilisomeka.

Bwana Mansur, aliyekuja na kofia yake akasimama kando ya Teresia, alipangusa macho. Teresia alimwekea Jedidah mkono begani, akainama karibu na sikio lake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kuondoa herufi lilikuwa kosa la mtoto, na kosa kama hilo hurekebishwa kwa brashi, kama hivi. Kilichotuumiza ni zile siku ulizonyamaza. Kosa ukilisema mapema, watu hulitengeneza nawe. Ukilificha, huwatumikisha wasio na hatia, na wakati unaopita haurudi. Leo umesema mbele ya watu wote. Babu yako angejivunia mjukuu wake. Na lugha yake usiionee haya tena, kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango."

Walipomaliza kumfukia, mchungaji alimwita Jedidah mbele. Alifungua zile kurasa za printa, zilizokuwa zimekunjika na kulowa jasho. Upepo wa mlimani ulizipeperusha kidogo, akazishika kwa mikono miwili. Hakukuwa na mtu kitini wa kusomewa, ila udongo mbichi na msalaba wenye herufi iliyojibanza. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, babu alikuwa amemweka dada yake.

Jedidah alisafisha koo. Akaitoa ile sauti chini kabisa, mahali babu alipoitafuta siku ile ya Jumatano, akaitamka yote bila kuiondolea kitu.

"Mghoi, mtoto wa Maghanga. Miaka minne."

Kisha akaendelea na la pili.